Virusi vimelala, havijafa



Wapo wanaoambiwa kliniki kwamba virusi vya Ukimwi havionekani tena katika damu yao, wakaacha dawa wakidhani wamepona. Hawajapona.

Virusi hivi huingia ndani ya seli za CD4, ambazo ni askari wa mwili wenyewe, na kujipachika kwenye jeni zao. Baadhi ya seli hizo hulala. Kinga ya mwili hupita bila kumtambua adui aliyevaa sare ya askari, na dawa haimfikii. Ukiacha kumeza, seli zikiamka virusi huzaana upya, mara nyingi katika wiki chache tu.

Dawa ni bure katika vituo vya afya vya umma. Meza kila siku. Kama uliacha, rudi kliniki leo.