KWA NINI KAZI ZA MELI HUKAA PAMOJA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mombasa)



Sisi wa reli twauliza jambo ambalo watu wa bandari hawaulizi, kwa sababu wamelizoea. Mbona kazi zote za meli zimesongamana Shimanzi, Mbaraki na Kilindini? Nchi ni kubwa. Fundi wa injini za meli, muuza vyakula vya mabaharia, wakala wa forodha, mwenye ghala, mbona wote wakae mlango kwa mlango, na kodi ya huko si haba?

Sababu ya kwanza ni maji. Kilindini jina lake lajieleza, ni mahali penye kina. Bandari ya kale upande wa pili wa kisiwa yatosha majahazi, lakini meli kubwa haina budi kuja huku. Ndiyo maana reli nayo ilianzia Mombasa mwaka 1896.

Lakini maji peke yake hayatoshi kueleza. Tazameni meli ikiwa gatini. Kila siku inayolala hapo mwenyewe analipa, na pampu ikiharibika nahodha hataki kusikia kwamba fundi yuko Voi. Anataka mtu wa saa hii. Fundi huyo akikosa mpiga mbizi, anavuka barabara kumwomba jirani. Jirani akikosa chuma cha kiasi fulani, anakwenda duka la tatu. Hakuna hata mmoja wao mwenye kila kitu, ila wote pamoja wanacho. Mtu akifungua karakana peke yake mbali nao, itambidi anunue yote mwenyewe, na hayo ni mali nyingi.

Tena kuna jambo la mfanyakazi, nalo husahauliwa na wenye kuandika vitabu. Mchomeleaji akifukuzwa asubuhi karakana moja, mchana aweza kubisha hodi ya pili. Tajiri naye hufaidi, maana mafundi wako tele karibu naye. Lakini sisi twapata kuulizana mishahara tukinywa chai. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, wa reli na wengine waligoma pamoja katika mji huu. Wangekuwa wametawanyika vijiji kumi, sijui nani angempelekea nani habari.

Sasa tuseme la kwetu, ijapokuwa halipendezi. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, na tangu 2018 makontena mengi yalipelekwa kwa gari la moshi mpaka Embakasi yakakaguliwe huko. Sisi tulifurahi, kazi ilizidi. Lakini ukaguzi ulipokwenda, wakala wa forodha alifuata, na karani wake, na dereva, na mama aliyewauzia chapati. Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana. Wengine wetu tuliwacheka, tukasema wanaogopa maendeleo. Hatukufanya vizuri. Septemba 2022 Rais William Ruto aliagiza kazi hiyo irudi bandarini.

Hapo ndipo tulipojifunza kutofautisha. Mpiga mbizi hawezi kuhamishwa Nairobi, wala chelezo cha kutengenezea meli. Karatasi zaweza kuhamishwa kwa agizo la siku moja, na siku hizi nyingi hupita kwenye kompyuta. Lakini kontena likikwama, bado mtu huenda kwa miguu kuonana na ofisa, ndiyo maana ofisi bado ziko karibu na geti.

Basi ndugu wa bandari wanapouliza kama reli ni adui yao, tuwajibu wazi. Gari la moshi libebe mizigo ya mbali, hiyo ndiyo kazi yake. Mahali pa kuifungulia ni neno jingine, na safari hii tukae nao kabla agizo halijatoka. Twaomba kamati iwaite makarani wa forodha katika mkutano ujao, waseme wenyewe ni wangapi hawajarudi kazini.