Rungu la Mbatian: Ugomvi wa Ndugu katika Fasihi na Nafasi ya Mzazi



Tunapofundisha kisa cha ndugu wanaogombana, kwa kawaida tunamwomba mwanafunzi aseme nani mwema na nani mbaya. Anagawa wahusika mafungu mawili, anataja wivu na tamaa, anapata alama zake na somo limekwisha. Mada hii inaomba tumtazame mtu ambaye mara nyingi tunampita: mzazi. Hoja yangu ni kwamba katika visa vingi vya ndugu tulivyonavyo Afrika Mashariki, mbegu ya ugomvi ilitoka katika mkono uliogawa, kabla ndugu wenyewe hawajanyosheana vidole. Nitaegemea zaidi kisa kimoja cha Wamaasai, jirani zetu hapa Karatu, kwa sababu kina kina kirefu na kwa sababu tumekiacha kikasimuliwa na wengine.

Mbatian alikuwa laiboni mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai, akafariki mnamo mwaka 1890. Masimulizi yaliyoandikwa na afisa wa Kiingereza A. C. Hollis, katika kitabu kilichochapwa Oxford mwaka 1905, yanaeleza kwamba mzee alipoona siku zake zimekaribia alimwita Senteu, mwanawe mkubwa, akamwagiza aje asubuhi apokee vifaa vya ulaiboni. Mdogo wake, Olonana, ambaye vitabu vya Kiingereza vinamwita Lenana, alikuwa amejificha kwenye zizi la ndama. Akasikia yote. Kulipopambazuka akamtangulia kaka yake, akaingia kwa baba na kusema amekuja kama alivyoagizwa. Mzee alikuwa na jicho moja na uzee umemlemea, hakumtambua. Akamkabidhi rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mfuko, akambariki awe mkubwa kuliko ndugu zake. Senteu alipofika, hakukuwa na kitu cha kupewa. Akaapa kwamba hatatawaliwa na mdogo wake, na kwamba atapigana naye mpaka amuue.

Kila aliyesoma Mwanzo sura ya 27 atawakumbuka Yakobo na Esau. Mfanano wa aina hii uliwapoteza baadhi ya Wazungu wa wakati ule. Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1904 alidai kwamba asili ya Wamaasai ni Wasemiti. Sioni haja ya kwenda mbali hivyo. Katika jamii ya wafugaji ambamo baraka ya baba hutolewa mara moja tu na haifutiki, kisa cha namna hii kinaweza kuzaliwa chenyewe. Tena tofauti zake na kile cha Biblia ndizo zenye uzito. Kwa Yakobo kuna Rebeka, mama anayepanga njama. Katika masimulizi ya Hollis mama hasikiki kabisa. Yupo baba peke yake na wanawe wawili.

Hebu tukae kidogo katika lile zizi la ndama. Katika boma la Kimaasai, kuchunga ndama ni kazi ya watoto wadogo. Msimuliaji angeweza kumficha Olonana nyuma ya nyumba au kwenye miiba ya boma, lakini alimweka mahali pa watoto, mahali ambapo mdogo anajua kila pembe na hakuna mkubwa anayemshangaa akiwapo. Mdogo anashinda kwa kutumia nafasi ileile ya chini aliyopangiwa. Hiyo ni sanaa ya hali ya juu, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuiona akielekezwa.

Sasa mtazameni Mbatian. Jamii yake huamua mambo makubwa mbele ya wazee, kwa marika, kwa mashauri marefu chini ya mti. Yeye urithi mkubwa kuliko wote anaugawa kwa kunong'ona na mtoto mmoja, bila shahidi, tena anauahirisha hadi kesho. Olonana alidanganya, sikatai. Lakini uongo wake ulipata njia kwa sababu baba aligawa gizani. Laiti wazee wawili watatu wangekuwa wamekaa pale asubuhi ile, jicho moja la mzee lisingeleta vita.

Na vita vilikuja wakati mbaya kuliko wakati wowote. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe, ndui ikafuata. Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwezi Machi 1892 aliwakuta Wamaasai waliobaki mifupa kwa njaa. Katika hali hiyo ndugu wale wakagawana watu: Olonana akasogea upande wa Waingereza, Senteu akawa na Waloita, tawi mojawapo la Wamaasai, upande wa kusini uliokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1902 Senteu alirudi kwa mdogo wake kuomba amani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: miaka miwili baadaye, 1904, Olonana aliweka alama yake kwenye mkataba uliowahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, upande wa Kenya. Wapanda milima wa Kizungu wakayapeleka majina ya familia hii kwenye vilele vya Mlima Kenya. Batian, yaani Mbatian, kina mita 5,199, Lenana mita 4,985, na Sendeyo, yaani Senteu, mita 4,704. Hata huko juu mdogo amewekwa juu ya kaka.

Matini ya Hollis ina jambo jingine linalohitaji msomaji makini. Inasema magonjwa yaliwapiga watu wa Senteu na mifugo yao, ilhali watu wa Olonana walisalimika, kana kwamba Mungu amekwisha kuamua. Hapo anasikika mshindi. Lakini matini hiyohiyo inamwonesha mshindi akiiba. Hapo anasikika aliyeshindwa. Sauti mbili zimo katika kisa kimoja, na wapo pia wanaoshikilia kwamba Mbatian alimchagua Olonana kwa hiari yake. Mwalimu akiingia darasani na toleo moja tu, amewanyima wanafunzi nusu ya ugomvi.

Nigeukie maandishi ya Kiswahili. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, inaonekana kuipinga hoja yangu, maana urithi pale uligawanywa sawa na bado Hasidi na Mwivu wakamtupa ndugu yao baharini. Wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa na jini Huria kuwapiga mijeledi kila usiku. Lakini watoto walioitwa Hasidi na Mwivu tangu utotoni walikuwa na nafasi gani ya kuwa kitu kingine? Mwandishi naye ni mzazi wa wahusika wake, na hapa amewagawia tabia kabla hawajatenda. Hata hivyo namheshimu Shaaban Robert kwa mwisho alioutoa. Katika Alfu Lela Ulela kipo kisa cha Abdallah bin Fadhili kinachofanana na hiki, na humo ndugu waliosamehewa wanarudia uovu na kumuua ndugu yao. Shaaban Robert alikataa. Kwake ndugu wanarudi kuwa watu, wanatubu, wanapatana. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeamini kwamba udugu unaweza kutengenezwa.

Katika *Kichwamaji* ya Kezilahabi, 1974, ugomvi wa wanaume wawili unapita katika miili ya dada zao: Rukia, dada wa Kazimoto, anaharibiwa na Manase, na Kazimoto anamwendea Sabina, dada wa Manase. Hilo peke yake lingetosha mada nzima.

Mfano unaonigusa zaidi ni *Blossoms of the Savannah* ya Henry ole Kulet, riwaya ya Kiingereza ya mwaka 2008 iliyowahi kuwa kitabu cha lazima katika sekondari za Kenya. Ole Kaelo ana mabinti wawili. Taiyo anapendwa, Resian anachukiwa kwa kuwa baba alitaka mtoto wa kiume. Kwa mgao huo wa upendo tungetarajia dada hawa wachukiane. Hawachukiani. Resian anatoroka ndoa ya kulazimishwa, Taiyo anakeketwa kwa nguvu, na mwisho wanakutana tena wakiwa bado wanashikana. Kinachowaokoa ni kwamba wanaambiana kila kitu. Kati yao hakuna zizi la ndama la kujifichia.

Haya hayako vitabuni tu. Hapa kwetu, tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliwapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini mazoea ya mgao wa zamani bado yamo majumbani. Hapa Karatu juu yetu ni msitu wa hifadhi, hatuwezi kupanua. Shamba la babu likigawanywa kwa wana watano, wajukuu wanabaki na vipande vya ngano visivyotosha trekta kugeuka. Kule Ngorongoro, tangu Juni 2022 kaya zimekuwa zikihamia Msomera, wilaya ya Handeni, na zipo familia ambazo ndugu mmoja amekwenda na mwingine amebaki. Sijasoma riwaya ya Kiswahili inayokaa nyumbani kwa ndugu hao wawili na kuwasikiliza wote kwa haki.

Methali inatuambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, wakipatana tuchukue kapu tukavune. Ni ushauri mzuri kwa jirani. Kwa mwandishi haufai. Yeye kazi yake ni kubaki ndani na kusikia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wa Loliondo, Endulen na Nainokanoka, waombeni wazee wa Kiloita na wa koo nyingine wawasimulie habari za Senteu kama wanavyozijua wao, mziandike kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, matoleo yote, hata yanayopingana. Na ninyi waandishi vijana wa Karatu, andikeni kuhusu shamba lililogawanywa, na msimwache baba nje ya hadithi.