Kituo cha Samaki ni Mali Yetu

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama, mtengenezaji wa njia ya reli, mbele ya mkutano wa tawi, Githurai 45)



Nimepewa robo saa, nami sitaipita. Mimi si mtaalamu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu mwaijua: kukaza boliti na kubadilisha mataruma. Leo nataka kusema habari za samaki, kwa sababu samaki alinitia katika deni, na fedha hizo zilikuwa za watu walioketi humu ndani.

Kila jioni tushukapo katika treni hapa Githurai, twapita kati ya masinia ya samaki. Kuna ngege wa kukaanga, kuna mbuta, kuna omena wa kupimwa kwa gorogoro. Ifikapo Aprili omena hupanda bei, nasi twawalaumu kina mama wachuuzi. Twawaonea bure. Tangu Aprili hata Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Ziwa Victoria, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Amri ya namna hiyo haitolewi kwa kukisia. Yahitaji watu wa kuvua kidogo, kupima, kuandika, na kurudia tena, mwezi baada ya mwezi. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti wa samaki.

Ndugu zangu wa reli, historia ya kazi hiyo yafanana na yetu. Zamani reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Hali kadhalika utafiti wa samaki ulikuwa wa pamoja: wa maziwa ulikuwa na makao yake Jinja, Uganda, tangu mwaka 1947, na wa bahari ulikuwa Unguja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mabehewa yaligawanywa, na utafiti nao ukagawanywa. Sisi tukapata Shirika la Reli la Kenya mwaka 1978. Mwaka 1979 ikaundwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ile iitwayo KMFRI, makao makuu yake Mombasa. Tanzania ikaunda yake, TAFIRI, mwaka 1980. Uganda ikabaki na Jinja. Lakini samaki hakuarifiwa habari za mipaka. Ziwa ni lile lile moja, na mwaka 1994 nchi tatu zilirudi mezani, zikatia sahihi mkataba huko Kisumu ili zilitunze pamoja.

KMFRI haipo Mombasa peke yake. Ina watu Kisumu, Naivasha, Baringo na Turkana. Ilipata hata meli ya utafiti wa baharini, Mtafiti, ambayo kwanza ilitumika Ubelgiji kwa jina la Zeeleeuw. Na sisi wa huku bara, tulio mbali na bahari na mbali na ziwa, tunacho kituo katika njia yetu wenyewe. Ukipanda treni ya Nanyuki, ukapita Thika na Murang'a, utafika Sagana. Hapo pana mabwawa ya samaki ya Serikali yaliyoanzishwa mwaka 1948, na leo ni mahali pa utafiti wa ufugaji wa samaki.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Kwa miaka mingi nimepita Sagana na genge letu. Sikuingia hata siku moja. Nilidhani ni mahali pa wenye digrii. Kisha nikachimba bwawa shambani kwa mama yangu. Nilikuwa na akiba kidogo. Zilizopungua nikakopa kwa wenzangu watatu wa genge, na mmoja wao alikuwa ameziweka kwa karo ya mtoto. Nikanunua vifaranga mia tano wa ngege kwa mtu aliyeniapia kwamba ni madume watupu. Nikawalisha miezi minane. Siku ya kuvuna tulipokausha maji, bwawa lilikuwa limejaa samaki wa urefu wa kidole, maelfu. Mama mmoja mkaangaji wa hapa sokoni aliwatazama, akaniambia, "Mwanangu, hawa hata mafuta yangu hawayastahili."

Ndipo nilipokwenda Sagana, nimechelewa. Mtumishi mmoja wa pale hakunicheka. Alinieleza kwa Kiswahili chepesi. Ngege jike huanza kuzaa angali mdogo, pengine akiwa na miezi mitatu hivi. Mayai huyaatamia kinywani, na siku hizo hali chakula, kwa hiyo hakui. Watoto wake nao huzaa. Bwawa hujaa, chakula hakitoshi, wote hudumaa. Dume hukua upesi zaidi, ndiyo sababu mfugaji hutafuta madume. Samaki akikua kidogo, mtu aliyefundishwa aweza kumgeuza tumbo akajua kama ni dume au jike. Tena waweza kutia kambale wachache katika bwawa, wale vifaranga wanaozaliwa. Maneno hayo yalichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimeyalipia kwa miezi minane na karo ya mtoto wa mwenzangu.

Nanyi mwakumbuka mabwawa ya Serikali ya mwaka 2009, mia mbili kwa kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa. Mengi leo ni majani na vyura. Kuchimba ni rahisi. Mbegu nzuri, chakula na maarifa ndiyo yaliyokuwa magumu.

Ndugu wanachama, njia yetu ya reli ni ya upana wa mita moja. Hakuna hata mmoja wetu anayeipima kwa jicho. Mkaguzi hutangulia na kipimo chake, kisha treni hupita. Mtafiti ndiye mkaguzi wa maji. Mimi nilipitisha treni kabla ya mkaguzi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ufikirie mambo matatu. Kwanza, mwanachama yeyote anayetaka kutia akiba yake katika samaki, aulize Sagana kwanza. Kituo kile chalipwa kwa kodi zetu, si kwa hisani ya mtu. Pili, tawi liandike barua kuomba mtumishi wa kituo aje hapa kutufundisha kwa Kiswahili, maana karatasi nyingi za utafiti ni za Kiingereza, na maarifa yakikaa kabatini hayajazi sufuria. Tatu, tusiwasahau wanaolisha samaki alfajiri, wanaofagia mabwawa na wanaoendesha mashua za kupimia. Jina la daktari ndilo huandikwa juu ya karatasi, lakini kazi ni ya mikono mingi. Hao ni wafanya kazi wenzetu.

Deni nimelimaliza mwezi uliopita, na mtoto yule amerudi shuleni. Bwawa nimelijaza tena. Bado sijavuna, kwa hiyo sitajisifu. Lakini safari hii niliuliza.