Kamba Zisizobeba Kitu



Juma hili naomba mnivumilie nizungumzie daraja. Si la magari wala la reli. Ni daraja dogo la watembea kwa miguu, katika bustani ya umma iliyo katikati ya mji wa Boston, Marekani. Linavuka ziwa la kuchimbwa. Pande zote mbili zina nguzo nene za mawe, na kutoka juu ya nguzo hizo kamba za chuma zinashuka, zinapinda katikati, kisha zinapanda tena upande wa pili.

Nililiona nilipokwenda kumtembelea dada yangu. Nilifuatana na mpwa wangu wa miaka tisa, nami, kama wajomba wote, nikaona nimepata mwanafunzi. Nikamweleza kwamba uzito wa watu wote wale unachukuliwa na fito zilizoning'inia, fito zinaukabidhi kwa kamba, na kamba zinaupeleka kwenye nguzo hadi ardhini. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha tukapanda mashua, zile zenye umbo la bata maji mweupe, ambazo Robert Paget alizianzisha mwaka 1877. Huendeshwa kwa miguu, nahodha akikanyaga pedeli kama za baiskeli. Tulipopita chini ya daraja mtoto akatazama juu.

"Mjomba," akasema, "mbona kuna boriti?"

Kweli zilikuwepo, boriti za chuma zilizolala toka ukingo hadi ukingo. Nikanyamaza.

Nilipouliza, nikapata habari yenyewe. Daraja lilichorwa na William G. Preston, likafunguliwa mwaka 1867, na wakati huo kamba zilifanya kazi kweli. Watu walipenda kujigamba kwamba ndilo dogo kuliko yote ya aina hiyo duniani. Mwaka 1921 likageuzwa, mzigo ukahamishiwa kwenye boriti, na kamba zikaachwa mahali pake kwa pambo tu. Kumbe nilimfundisha mtoto somo lililokwisha muda wake zaidi ya miaka mia moja!

Nakiri nilikasirika. Niliona ni ulaghai, tena wa serikali ya mji. Lakini baadaye nikakumbuka bustani ya St James's, kule London. Hapo palikuwa na daraja la chuma la mtindo huo huo, la mwaka 1857. Mwaka 1957 liliondolewa, pakajengwa la zege. Hilo la zege ni imara, na ukisimama juu yake unaliona kasri la Buckingham vizuri sana. Hakuna aliyedanganywa. Ila lile la zamani sasa utaliona kwenye picha tu.

Boston nao wangeweza kufanya hivyo. Na tukumbuke bustani yenyewe ilikotoka. Palikuwa mahali pa tope, maji yakijaa na kupwa, na palipoanza kufukiwa wakajitokeza waliotaka viwanja vya nyumba. Mwaka 1859 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzuia majengo yasiingie humo. Mji ulioacha fedha ya viwanja kwa ajili ya maua na maji, ungetushangaza kama ungehesabu kamba za daraja kuwa anasa. Kwa hiyo hasira yangu nimeifuta.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Siku ile juu ya daraja palikuwa na maharusi na watalii, na kila kamera ilielekezwa kwenye kamba na nguzo. Boriti ziko chini, penye kivuli na unyevu wa ziwa, na asiyepanda mashua hazioni. Fedha ikipungua, kama inavyopungua katika kila mji, ni rahisi sana rangi kupakwa juu mahali panapopigwa picha, na kutu ikaachwa ile chini. Mimi ningekuwa mshika fedha, fundi wangu angeanza kazi yake ndani ya mashua.

Nilimweleza hayo mpwa wangu. Akataka turudi tuhesabu boriti. Tukapanga foleni upya, nikalipa nauli mara ya pili, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa akieleza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.