Tusiitwe Kupiga Makofi Tu

Hotuba ya mwakilishi wa watu wenye ulemavu katika kikao cha wakazi kuhusu maandalizi ya siku ya utamaduni, Wadi ya Kinakomba.



Kila tukiwa na sherehe, sisi wenye ulemavu huwekwa mbele, chini ya hema. Tunapewa maji, tunapigwa picha. Ngoma ikianza, tunapiga makofi. Kwa kivuli hicho tunashukuru, lakini hakuna anayetuuliza kama tunacheza.

Leo nataka kuwaeleza juu ya watu wanaocheza angani. Msicheke. Tarehe 29 Agosti 2012, kwenye ufunguzi wa Michezo ya Paralimpiki jijini London, David Toole, mchezaji densi asiye na miguu, alicheza kwa mikono yake mbele ya uwanja mzima, kisha akainuliwa juu. Mmoja wa wakurugenzi wawili wa sherehe hiyo alikuwa Jenny Sealey, mwanamke kiziwi. Hapo ndipo paliponigusa mimi. Aliyepaa alikuwa mtu mwenye ulemavu, na miongoni mwa walioipanga shughuli alikuwamo mwenye ulemavu pia.

Marekani liko kundi la Kinetic Light, linaloongozwa na wasanii wenye ulemavu. Mwanzilishi wake, Alice Sheppard, alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu kabla ya kuingia kwenye densi. Katika onyesho lao la mwaka 2022, Wired, wachezaji hupaa wakiwa kwenye viti vyao vya magurudumu. Kiti hakiachwi chini kama kitu cha aibu. Mchezaji hufungwa mishipi imara, naye huninginia kwa kamba au waya. Uzito unabebwa na kamba, kwa hivyo miguu si lazima. Kinachotakiwa ni nguvu za mikono, pumzi, na kuelewana na mafundi wanaosimamia kamba. Sasa niambieni, nani ana mikono kama ya mtu aliyesukuma kiti chake kwenye mchanga na tope la hapa kwetu tangu utotoni?

Vijana, nawaomba, kesho asubuhi mtu asifunge kamba ya mbuzi kwenye mwembe. Kazi ile ina mafundi waliosomea na vifaa vinavyokaguliwa. Kosa moja ni kifo.

Sisi si lazima tuanzie angani. Nairobi, Pamoja Dance Group imechezesha pamoja wenye ulemavu na wasio nao, papo hapo sakafuni. Nasi ngoma tunazo. Hata sauti ya wimbo wa taifa ilitoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinasema tutendewe kwa heshima na tuweze kufika mahali pa umma. Kwa hivyo naomba wawili wetu waingie kwenye kamati kabla ratiba haijaandikwa, si baada ya kuchapishwa. Uwanja wa ngoma ushindiliwe, magurudumu yasizame. Mkalimani wa lugha ya ishara atafutwe mapema.

Na hicho kikao cha kamati kisiwekwe kwenye chumba cha ngazi. Nitakuja.