Tuwahesabu Pia Mabeki

  Nazungumzia kandanda, na hasa wale wanaocheza nyuma.

Agosti 2025 Kenya ilitinga robo fainali ya michuano ya Afrika ya CHAN, na jina lililoimbwa kila mahali, kuanzia kwenye matatu hadi kinyozini, lilikuwa la Ryan Ogam. Aliifunga Morocco, akaifunga na Zambia. Anastahili sifa zake zote. Lakini hebu tuziangalie mechi nne za kundi letu: Kenya ilifungwa bao moja tu, lile la Angola. Siku ya Morocco, Chrispine Erambo alipewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, tukacheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi. Morocco hao hao ndio waliobeba kombe baadaye. Bao la Ogam lilituweka mbele. Waliolilinda dakika zote arobaini na tano za kipindi cha pili ni nani? Wengi wetu tutakuna kichwa, ingawa nahodha wa timu ile, Abud Omar, ni beki.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi pete zote tumeuvika mguu unaofunga. Na ndiyo maana leo nataka tumkumbuke beki mmoja mstaafu, Musa Otieno.

Otieno alijiunga na Santos ya Cape Town mwaka 1997, akakaa huko zaidi ya muongo mmoja. Santos si Kaizer Chiefs wala Orlando Pirates. Ni klabu ya Athlone, yenye mizizi katika soka lililokataa ubaguzi wa rangi, na mashabiki wake huiita timu ya wananchi. Msimu wa 2001-2002 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya Afrika Kusini mbele ya vigogo wote hao. Mgeni kutoka Kenya kudumu miaka yote hiyo katika safu ya nyuma ya timu ya kigeni si jambo dogo. Straika akifunga, hata akikosa mara nne kabla ya hapo, jioni anabebwa juu juu. Beki anaweza kucheza vizuri dakika themanini na tisa, akateleza mara moja, na kuteleza huko ndiko kutakakozungumzwa wiki nzima. Kocha hampangi beki miaka kumi kwa kumwonea huruma.

Kwa upande wa taifa, Otieno ndiye aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, chini ya kocha Jacob Mulee, tulipokwenda Tunisia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004. Tulianza vibaya: Mali walitufunga 3-1, Senegal wakatufunga 3-0. Timu iliyokwisha kuchapwa namna hiyo huingia mechi ya mwisho ikiwaza ndege ya kurudi nyumbani. Badala yake, Kenya iliifunga Burkina Faso 3-0. Mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza tunayakumbuka. Ile sifuri ya upande wa pili hatuitaji kabisa. Na huo ndio uliokuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Tangu 1972 hadi 2019 tumecheza fainali sita na kushinda mechi mbili tu. Ya pili, dhidi ya Tanzania mwaka 2019, tulishinda 3-2. Kwa hiyo mechi ya fainali hizo ambayo Kenya imeshinda bila kuruhusu bao ni moja peke yake, na nahodha alikuwa beki.

Atatokea wa kuniambia kwamba mpira ni mabao. Nakubali. Lakini turudi Kasarani, Desemba 1987, kwenye fainali ya Kombe la Mandela. Gor Mahia walikuwa wametoka sare ya 2-2 na Esperance huko Tunis, na mechi ya marudiano ikafika 1-1. Kombe lilikuwa letu kwa hesabu ya mabao ya ugenini, lakini bao moja tu la Watunisia lingeligeuza. Peter Dawo, mfungaji mkali, alikuwa amekwisha kufanya kazi yake. Zilizobaki zilikuwa dakika za mabeki, na nahodha aliyelipokea kombe lile, Austin Oduor, alikuwa beki.

Sasa tuje kwetu. Jumamosi ukipita kwenye uwanja wowote wa hapa chini ya Mlima Kenya, mtazame beki wa kati mwenye akili. Kabla ya krosi kupigwa anageuza shingo mara mbili: anaangalia mpira, anaangalia mtu. Ananyoosha mkono kumwita beki wa pembeni aingie ndani. Anasonga mbele hatua mbili, straika anabaki kwenye ofsaidi, filimbi inalia. Pembeni watu wanaendelea na mahindi yao ya kuchoma. Ni kama ua wa shamba: hakuna anayeusifu mpaka ng'ombe wa jirani aingie kwenye viazi.

Makocha wetu wa vijana nao wana lawama yao. Mtoto mrefu asiyejua kupiga chenga anaambiwa, "Wewe rudi nyuma." Nyuma pamefanywa mahali pa waliokosa nafasi mbele. Mtoto akikulia hapo akijiona makombo, atawezaje kuota Cape Town?

Tunalilia viwanja, na tuna haki, maana ukarabati wa Ruring'u pale Nyeri ulikokotwa miaka na mikaka. Lakini kuna mambo yasiyongoja zabuni wala bajeti ya kaunti. Wanaoandaa mashindano ya mitaani, mkitoa kiatu cha mfungaji bora, toeni na zawadi ya beki bora, iwe na thamani ile ile. Makatibu wa timu, kwenye daftari lenu andikeni pia mechi ambazo hamkufungwa na majina ya waliocheza nyuma siku hiyo. Skauti akija kesho atakuta rekodi, si masimulizi. Nasi watangazaji tunaposoma matokeo, tusiishie kwa waliofunga. Timu ikishinda 1-0, tuwataje na waliolilinda bao hilo. Katika matangazo ya michezo ya kituo hiki, naomba utaratibu huo uanze na mechi za wikendi hii.