Mitambo na Hiari ya Mtu



Wengi huuliza kama mitambo ya siku hizi hutunyang'anya uhuru. Natutazame jambo lililotukia hapa mjini. Mwaka 2023, katika jumba la KICC, watu wengi mno walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na mtambo wa Worldcoin, wapate sarafu za kompyuta zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Hakuna askari aliyewasukuma. Lakini hiari ya mwenye shida ni nyembamba. Agosti mwaka huo Serikali ilisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru alama hizo zifutwe, kwa kuwa ridhaa haikupatikana kwa njia ya sheria.

Mahakama yaweza kufuta alama. Haiwezi kutuulizia maswali kabla hatujatoa. Kwa hiyo naomba kwa heshima: aliyesoma akae na asiyesoma, waulize pamoja, Ni nani anayetaka? Ataziweka wapi? Nikikataa, nitapoteza nini? Na mwanachama aliyebanwa na shida, aje kwanza kwa Chama. Akiba yetu ndiyo ngao ya hiari yake.